Jina Nililoandika Pembeni mwa Chui

Niliandika jina la Edward Saidi Tingatinga kwenye mchoro ambao hakuuchora, kisha nikauuza.

Miaka ya tisini nilikuwa na duka la sanaa Dar es Salaam, na kila mgeni aliyeingia aliulizia kazi ya Tingatinga mwenyewe. Nilijua fika kwamba ni adimu. Mtu yule alitoka Tunduru kuja kutafuta maisha, akaanza kuchora mwaka 1968 kwa rangi za baiskeli juu ya hadibodi, akawa anauza pale Morogoro Stores, Oyster Bay. Mwaka 1972 polisi walimpiga risasi wakidhani ni mhalifu anayetoroka. Miaka minne tu ya kazi, basi. Mtu aliyekufa kwa kudhaniwa mwingine, nami nikamfanya mwingine adhaniwe yeye.

Mchoro niliouuza ulikuwa wa chui, na aliyeuchora alikuwa mzee tuliyemwita Fundi, aliyefundishwa na mmoja wa wanafunzi wa Tingatinga. Nilimpenda Fundi, na hilo ndilo linaloniuma. Akinunua kopo la rangi alilitikisa kwanza karibu na sikio, asije akauziwa iliyoganda chini. Rangi ya nyuma aliipaka na kuiacha mpaka ikauke kabisa, ndipo amlete mnyama. Madoa ya chui aliyaweka moja moja kwa ncha ya brashi: jeusi kwanza, halafu ndani yake la hudhurungi, wala hayakugusana. Jicho alilichora mwisho. Akishaliweka haongezi kitu, anafuta brashi zake kwa mafuta ya taa na kuomba chai.

Kazi zake alinipa kwa mali kauli, nikiuza ndipo nimlipe. Hakuniandikisha popote. Siku ya chui nilimwambia asiweke jina.

“Kwani mteja hataki jina langu?” akaniuliza.

“Anataka mchoro usio na maandishi, Mzee.”

Akaniamini. Usiku nilichukua rangi nyeusi nikaandika lile jina pembeni, nikasugua mgongo wa ubao kwa majani ya chai yaliyochemka ili uonekane wa zamani. Mgeni kutoka Ulaya aliununua kwa pesa ambayo sikuwahi kuishika kwa mchoro mmoja. Fundi nikamlipa bei yake ya kila siku. Akanishukuru.

Nilijitetea moyoni kwamba watu wote wanauita mtindo ule tingatinga, kwa hiyo sijadanganya sana. Uongo mtupu. Sikuandika mtindo, niliweka saini ya marehemu. Tingatinga nikambebesha kazi ambayo mkono wake haukuigusa, na Fundi nikamnyang’anya iliyo bora kuliko zote alizowahi kuniletea.

Fundi alipofariki nilikwenda msibani. Binti yake akanivuta kando.

“Baba mdogo, dukani kwako haikubaki hata moja ya baba? Nataka wajukuu waione.”

Nyumbani kwao hapakuwa na mchoro hata mmoja. Mchoraji anayeuza ndipo ale hakai na kazi yake ukutani. Nilimjibu kwamba nitatafuta, na hapo nikamdanganya na yeye, maana nilijua chui nilishamuuza na ana jina la nani.

Baada ya arobaini nilirudi nikamweleza yote. Hakupaza sauti. Aliuliza baba yake alilipwa shilingi ngapi, nikamtajia. Akauliza mimi nilipata ngapi, nikamtajia. Tofauti yake nimempelekea, ameipokea. Hakusema amenisamehe, na mimi sikumwomba aseme. Aliniambia tu, “Basi andika, watu wajue.”

Ndiyo maana naandika. Mchoro ni wa mraba, mandhari yake ya kijani. Chui amegeuza kichwa anatazama nyuma, na mkia wake umekatwa na ukingo wa ubao. Juu ya mgongo wake wapo ndege wawili weusi. Saini iliyo pembeni ni mwandiko wangu. Aliye na mchoro huo namwomba amwandikie mhariri wa chapisho hili. Familia haiudai, inaomba upigwe picha ili wajukuu wauone, na jina la babu yao liandikwe nyuma ya ubao. Jina hilo silitaji hapa kwa sababu binti yake ameomba alitoe yeye mwenyewe.