Kufungwa Kusiko na Mfungaji



Mama mmoja wa shirika letu alijifungua mtoto wa kiume. Siku ya tatu mtoto alikuwa hajapata choo cha kwanza. Tumbo likavimba, akatapika matapishi ya kijani. Watu wakanong'ona kwamba amefungwa, wakamtaja bibi kizee wa jirani. Sisi makatekista tuliitwa. Tulisali, tukamwekea mtoto mikono, tukamwambia mama avumilie. Kuhusu bibi yule tulinyamaza. Ni sista wa kituo cha afya aliyetukaripia na kumpeleka mtoto hospitalini.

Huko tulijifunza jambo ambalo chuo cha ualimu hakikutufundisha. Ndani ya kuta za utumbo umo mtandao wa mishipa ya fahamu wenye chembe zaidi ya milioni 100. Ndio unaoamuru misuli ikaze na kulegea ili chakula kisonge mbele, hata pasipo kungoja amri ya ubongo. Mtoto akiwa bado mimbani, chembe hizo husafiri kutoka upande wa shingo hadi mwisho wa utumbo. Kwa mtoto mmoja kati ya 5,000 hivi, safari hukatika njiani. Sehemu isiyofikiwa hubaki imekaza, wala haipitishi kitu. Daktari Harald Hirschsprung wa Copenhagen aliueleza ugonjwa huo mwaka 1886. Leo wapasuaji huondoa sehemu hiyo na kuunganisha iliyo nzima.

Mtoto wetu alipasuliwa, akapona. Tuliwaomba msamaha mama yake na bibi yule. Bibi alitujibu kwamba sala zetu alizisikia kupitia ukuta, akangoja tumtetee.

Wainjili, wanaposimulia huruma ya Yesu na ya Msamaria mwema, hutumia neno la Kigiriki litokalo kwenye jina la matumbo. Huruma hiyo haikuishia moyoni: Msamaria alifunga majeraha, akambeba mtu, akalipa gharama. Sisi tulisali bila kubeba. Sala haikukosea, tuliokosea ni sisi tulioifanya kuwa kisingizio.

Basi mkiona mtoto mchanga aliyepitisha siku mbili bila choo, au mwenye tumbo lililovimba na matapishi ya kijani, mpelekeni hospitalini siku ileile, mkisali njiani.

Tuulizane katika kikundi: ni nani kati yetu anayesingiziwa sasa, naye anangoja tumtetee?