Siku Tano za Kushona Kofia Lamu



Mji wa Lamu, ambao wenyewe huuita Amu, uliingizwa na UNESCO katika urithi wa dunia mwaka 2001. Wengi huuendea kutazama milango ya nakshi na njia nyembamba ambamo punda ndio wachukuzi. Sisi wanawake wanne, walimu wa chuoni, tulikwenda kushona kofia.

Kila baada ya swala ya alasiri tulikaa uani kwa mwenyeji wetu, mjane wa makamo, kila mtu na kitambaa chake cheupe na sindano. Kofia ya mkono ina vipande viwili: kifuniko cha duara na ukanda wa kuzunguka kichwa. Kwanza huchorwa nakshi, kisha hutobolewa vitundu vidogo na kingo zake kuzungushiwa uzi. Humo hupita hewa, kichwa kisipate joto. Kofia moja yaweza kuchukua miezi.

Mazungumzo yalikuwa matamu na kicheko hakikukosekana, ila sindano hazikusimama mpaka adhana ya magharibi. Mwenyeji wetu alitwambia kuwa kwa kofia amesomesha watoto watatu. Lakini sasa kofia za mashine zauzwa rahisi, na wasichana wa jirani hawaji tena kujifunza.

Enyi vijana, riziki ya mkono ina heshima. Nanyi wazazi, mnunuapo kofia ya Idi, ulizeni imeshonwa na nani. Sisi tumeagana kuwafundisha wanafunzi wetu kila Alhamisi jioni, insha Allah.