Kungojea Jibu la Chuo cha Utabibu



Kungojea kuko kwa namna nyingi. Mkulima hungojea mvua, lakini ajua majira yake. Mama mwenye mimba hungojea mtoto, lakini ahesabu miezi. Mwanafunzi hungojea matokeo ya mtihani, naye ajua kwamba siku moja yatabandikwa ukutani, awe amefaulu au ameanguka. Kuna kungojea kwingine ambako mtu hajui siku, na jibu likifika haambiwi sababu yake. Kungojea kwa namna hiyo kumeingia nyumbani mwetu tangu mwezi wa kumi uliopita. Nataka kuwasimulia habari zake, kwa maana najua kwamba jamaa nyingi za Kikongo, huku ugenini na huko nyumbani, zina watoto wanaotamani kuwa waganga.

Sisi ni watu wa Fizi, katika Kivu ya Kusini. Vita iliyoanza mwaka 1996 ilituvusha Ziwa Tanganyika, ikatufikisha katika kambi ya Nyarugusu, mkoa wa Kigoma, nchini Tanzania. Binti yetu wa kwanza alizaliwa katika kambi hiyo. Baadaye tulipokelewa Marekani, na sasa tunakaa katika jimbo la Kentucky. Kwetu nilikuwa mwuguzi wa zahanati. Huku diploma yangu haikutosha kunirudishia kazi ile, basi nafua mashuka ya hospitali. Kazi ni kazi, nayo imelisha watoto wanne.

Binti yetu alikuwa na miaka 12 mama yake alipoanza kuvimba shingoni. Siku ile nilikuwa kazini. Katika hospitali waliyokwenda, mkalimani hakupatikana, basi mtoto akasimama kati ya daktari na mama yake, akiyageuza maneno ya huyu kwa yule. Daktari alitaja jina la tezi iliyo shingoni. Mtoto hakuwa na neno lake kwa Kiswahili. Akamwambia mama yake, «Kuna kitu ndani ya shingo, wanataka kukitoa.» Mama yake alilia usiku kucha, akidhani anakwenda kukatwa koo. Niliporudi nikamweleza mkewangu tezi ni nini na kazi yake mwilini ni ipi, naye akatulia. Alipasuliwa, akapona. Lakini mtoto alikuwa amesikiliza maelezo yangu yote, na tangu siku hiyo alikuwa akiniuliza majina ya viungo vya mwili kwa Kiswahili, kimoja kimoja, na kuyaandika katika daftari. Hapo ndipo ilipoanza nia yake ya utabibu.

Kwetu Kongo, kwa miaka mingi, kijana mwenye diploma ya serikali aliweza kuandikwa katika kitivo cha utabibu, na mitihani ya mwaka wa kwanza ndiyo iliyopepeta. Waliingia mia kadhaa, wakaendelea wachache. Marekani hupepeta mlangoni. Kijana hutangulia kumaliza shahada ya kwanza ya chuo kikuu, kwa kawaida miaka minne. Kisha hufanya mtihani uitwao MCAT, ambao pamoja na mapumziko huchukua saa 7 na nusu, na alama zake huanzia 472 hadi 528. Ndipo apeleke maombi katika vyuo vingi kwa mara moja, kwa njia ya Chama cha Vyuo vya Utabibu vya Marekani. Kila chuo huomba insha zake na ada yake. Chama hicho kina msaada kwa wasio na uwezo, nasi tuliuomba, tukaupata. Pasipo huo tungalishindwa kabla ya kuanza. Waliokwisha kuingia chuoni, walio wengi sana humaliza. Ugumu uko mlangoni.

Binti yetu aliomba katika vyuo 15. Vyuo viwili tu vilimwita kwa mahojiano. Cha kwanza alihojiwa mwezi wa kumi, na cha pili mwezi wa kumi na moja, vyote kwa njia ya video, jambo lililoenea tangu ugonjwa wa korona wa mwaka 2020. Chuo kimoja kilimweka mbele ya profesa mmoja, wakazungumza kwa utaratibu. Cha pili kilifuata namna iliyobuniwa katika Chuo Kikuu cha McMaster, nchini Kanada: mhojiwa hupita mbele ya watu mbalimbali, mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja humpa tatizo la kujadili kwa dakika chache. Alivaa koti alilonunua mama yake kwa mitumba, akaketi chumbani, nasi tukawakataza wadogo zake kupita mlangoni. Alipotoka tulimwuliza, «Ilikuwaje?» Akajibu, «Baba, sijui. Wote walikuwa wakitabasamu.»

Tangu siku ile ukimya ulianza. Yafaa wazazi wajue namna mambo yanavyokwenda, wasije wakadhani kwamba kunyamaza kwa chuo ni kukataa. Vyuo vya huku huanza kutoa majibu ya kukubali tangu tarehe 15 Oktoba. Havitoi yote kwa siku moja. Kamati hukutana, huchagua wachache, huahirisha wengine, hukutana tena. Ifikapo tarehe 15 Machi, kila chuo hutazamiwa kuwa kimekwisha kuwakubali watu wa kutosha nafasi zake. Tarehe 30 Aprili, waliokubaliwa katika vyuo viwili au zaidi huchagua kimoja na kuviacha vingine. Hapo viti huwa wazi, na walioko katika orodha ya kungojea huweza kuitwa, wengine mwezi wa tano, wengine wiki chache tu kabla ya masomo kuanza. Kwa hiyo majibu ni matatu: ndiyo, hapana, na ngoja tena. Chuo kimoja kilituandikia mwezi wa kwanza kwamba binti yetu amewekwa katika orodha ya kungojea. Kingine hakijasema neno hata leo, na nikiandika haya ni mwanzo wa mwezi wa tatu.

Ukimya huo wachosha kuliko kazi. Simu ikilia mezani, watu sita hugeuza vichwa. Binti yetu hufungua barua pepe asubuhi kabla ya kunawa uso. Mdogo wake wa mwisho amejifunza kusoma uso wake kama mtu asomavyo mawingu, na akiona hakuna habari, huenda kumtengenezea chai bila kuambiwa.

Na jirani zetu, kwa wema wao, huzidisha uzito. Wakongo wa mji huu walipopata habari kwamba ameitwa kwa mahojiano, walianza kumwita Daktari. Wanikutapo husema, «Mzee, daktari wetu vipi? Jibu lini?» Hawana ubaya. Wamebeba misiba mingi, nao wataka furaha moja iliyo ya wote. Lakini msichana wa miaka 23 hawezi kubeba furaha ya mji mzima juu ya mabega yake, hasa furaha ambayo bado haijaja. Siku moja aliniambia, «Baba, sikiogopi chuo kunikataa. Naogopa kuwapitia watu wote hawa mmoja mmoja na kuwaeleza.» Tangu hapo mimi na mama yake tulipatana kuwajibu sisi. Tukiulizwa twasema, «Habari ikifika tutawaita tule pamoja. Isipofika pia tutawaita.» Watu walicheka, wakafahamu.

Tena yafaa kuijua hesabu, kwa kuwa hesabu hupunguza aibu. Mwaka 2024, walioomba vyuo vya namna hiyo Marekani walikuwa zaidi ya 51,000. Walioanza masomo walikuwa 23,000 na kidogo. Maana yake zaidi ya nusu walibaki nje. Je, hao wote ni wajinga? Sivyo. Wengi wao walikuwa na alama nzuri, na wako madaktari wa leo walioomba mara mbili au tatu. Viti ni vichache kuliko watu wanaostahili kuvikalia. Mzazi asiyejua hesabu hiyo, mtoto wake akikataliwa, atatafuta mchawi, au atamwambia mtoto kwamba hakufanya bidii.

Watu hutuambia kila siku, «Subira huvuta heri.» Methali hii ni ya kweli, lakini wengine huifasiri kana kwamba subira ni kukaa na kukunja mikono. Tazameni historia ya utabibu wa kwetu. Tangu miaka ya 1930, serikali ya Kibelgiji ilifundisha vijana wa Kikongo kuwa wasaidizi wa madaktari. Walisoma miaka mingi, wakatibu wagonjwa wengi, lakini hawakuitwa madaktari, wala mlango wa cheo hicho haukuwa wazi kwao. Uhuru ulipokuja mwaka 1960, hapakuwa bado na Mkongo aliyehitimu udaktari katika chuo kikuu cha nchi yetu. Waganga wengi wa Kibelgiji walipoondoka, Shirika la Afya Ulimwenguni liliwasaidia makumi ya wasaidizi hao kwenda Ufaransa kumaliza masomo yao. Walirudi madaktari kamili. Basi fikirini: mlango ulipofunguliwa, wangeweza kuingia upesi kwa sababu gani? Ni kwa sababu miaka ile yote ya kungojea hawakuiacha kazi. Mikono yao ilikuwa imezoea ugonjwa na wagonjwa.

Binti yetu naye ana kazi. Usiku mara nne kwa juma huhudumia wazee katika nyumba ya kuwatunzia. Huwaosha, huwalisha, huwageuza kitandani wasipate vidonda. Kazi hiyo haina sifa, na mshahara wake ni mdogo. Asubuhi moja ya baridi kali nilikwenda kumchukua kwa motokari. Alikuwa kimya, nikadhani jibu baya limefika. Nikamwambia, «Mama, sema.» Akasema, «Baba, hakuna barua. Ni yule bibi wa chumba cha mwisho. Usiku aliniuliza kama nimeshachaguliwa. Nikamwambia bado. Akasema, basi kesho utakuwapo tena? Nikamwambia nitakuwapo. Akalala.» Kisha akaongeza, «Chuo kikinikubali nitafurahi sana. Kikinikataa, huyo bibi bado atataka kugeuzwa saa nane ya usiku.»

Sikumjibu, maana hapakuwa na la kuongeza. Nilikuwa mwuguzi miaka 11, nami najua kwamba mwenye neno hilo moyoni amekwisha kuanza utabibu. Chuo kitampa elimu, na elimu yahitajika, kwa maana upendo peke yake haupasui tezi. Lakini nia ya kumrudia mgonjwa kesho, hakuna kamati iwezayo kumpa mtu wala kumnyang'anya.

Tumefanya pia shauri la nyumbani, kwa kuwa tumaini lisilo na mpango huweza kugeuka uchungu. Tuliketi wote tukaandika katika karatasi. Chuo kinachoruhusu kuandikiwa, atakiandikia barua fupi ya kueleza aliyoyafanya tangu mahojiano; kisichoruhusu, ataheshimu kanuni yake. Akiitwa, hata kwa kuchelewa, atakwenda, nasi tutajua namna ya kuziba pengo la mshahara wake. Asipoitwa mpaka mwezi wa nane, ataendelea na kazi, atarudia sehemu ya mtihani iliyo dhaifu kwa kufanya mtihani wote upya, kisha ataomba mara ya pili. Akikataliwa tena, ataangalia masomo ya uuguzi, na hakuna mtu wa nyumba hii atakayeita hayo kushindwa. Mimi baba yake nimekuwa mwuguzi, na sijaona aibu.

Wazazi wenzangu, jambo moja lanigusa zaidi. Sisi tuliopoteza kazi zetu, nyumba zetu na majina yetu ya heshima njiani, twavutwa kuona barua ya mtoto kama malipo ya yote tuliyopoteza. Ni rahisi kusema, «Mwanangu akiwa daktari, Nyarugusu itakuwa imelipwa.» Lakini mtoto hakuiandika hiyo deni, wala hakuisaini. Tukimwachia yeye kuilipa, hata akikubaliwa ataingia darasani akiwa amechoka. Tumsindikize kama mtu asindikizwavyo safarini: hadi njiapanda, kwa chakula na maneno mema, kisha tumwache aende kwa miguu yake.

Nanyi wanafunzi mnaongoja jibu lo lote, liwe la chuo, la kazi au la safari, fungueni barua zenu mara moja kwa siku, kisha fungeni, mwende kwa mtu anayewahitaji leo. Daftari la binti yetu lenye majina ya viungo kwa Kiswahili limefika sasa ukurasa wa 140. Juzi ameongeza maneno manne, na mama yake ndiye aliyemsaidia kuyapata.