Mashine Ilipoanza Kutema Maji

Majahazi ya Lamu yaliyokuwa yakifunga Bandari ya Kale, Mombasa, mwanzoni mwa miaka ya 1980 yalikuwa bado na tanga, ila tanga lenyewe lilikuwa limekwisha kuwa la akiba. Mashine ilikaa tezi, chini ya deki, na bomba lake la moshi lilipanda wima mpaka juu ya kichwa cha mshika usukani. Jahazi likifika bandarini, bomba hufunikwa kopo ili mvua isishuke ndani. Ami yangu alikuwa fundi wa mashine hizo, nami nilikuwa kijana wake wa kumshikia spana.

Akiitwa na nahodha, ami hakushuka kwenye mashine moja kwa moja. Alisimama gatini, akaomba iwashwe, akatazama moshi. Ukiwa mweusi, basi hewa haitoshi au nozeli inadondosha mafuta badala ya kuyapuliza. Ukiwa wa buluu, oili inapanda, ringi zimekwisha. Mweupe usiokoma hata mashine ikishapata moto humaanisha mafuta yanapita bila kuungua, au maji yamepata njia kwenye gasketi. Akisha kutazama ndipo hushuka, mara nyingi na spana mbili tu mkononi, kwa kuwa anajua aendako.

Mashine za wakati ule zilisomeka. Kelvin za aina ya K, zilizoanza kutengenezwa Glasgow katika miaka ya 1930 na ambazo sisi tulizikuta kwenye majahazi yaliyotoka Ghuba, zilizunguka mara 750 tu kwa dakika. Ziliwashwa kwa petroli, zikishachangamka ndipo zikahamishiwa dizeli. Gardner za Patricroft, karibu na Manchester, zilikwenda kasi zaidi lakini kwa upole uleule: 6LXB ina silinda sita, lita 10.45, na nguvu zake 180 za farasi huzitoa kwa mizunguko 1,850. Kwenye pampu yake kila silinda ina kishikio chake kidogo. Ukikibonyeza kwa kidole mashine ikiwa imezimwa, unaisikia nozeli ya silinda ile ikikoroma ndani. Isiyokoroma ni mbovu, huna haja ya kufungua zote sita. Nimeshika mashine nyingi baadaye, na sijaona nyingine iliyomheshimu fundi namna ile.

Ekzosi ya mashine hizo ilikuwa kavu: bomba la chuma kizito kutoka kwenye manifoldi hadi hewani. Kazi yetu kubwa ilikuwa kulifunga, maana bomba tupu lingeunguza mbao za deki. Tulilizungushia kamba ya asibesto, tukaikata kwa kisu, tukaipaka udongo uleule wa asibesto uliokorogwa kwa maji. Vumbi lake lilikaa kwenye nyusi mpaka jioni. Hakuna aliyetuambia kwamba nyuzi zile huingia mapafuni zikabaki humo, na kwamba ugonjwa wake huweza kujitokeza miongo kadhaa baadaye. Siku hizi tunafunga kwa nyuzi za kioo, na bomba la zamani nikilikuta bado lina asibesto ninalilowesha maji kwanza, ninaziba pua na mdomo, wala simruhusu kijana yeyote asogee.

Kisha zikatujia Perkins 4.236, hasa kwenye boti za kuvulia na za watalii, kule Watamu na Malindi. Ilikuwa mashine nyepesi ya silinda nne, nguvu za farasi 70 na kitu, na vipuri vyake vilipatikana kirahisi kwa kuwa mashine hiyohiyo ilikuwa ikilima shambani ndani ya trekta za Massey Ferguson. Nyingi kati ya hizo zilikuja na ekzosi ya maji. Pampu yenye impela ya mpira huvuta maji ya bahari, huyapitisha kwenye kipoza maji, kisha huyamwaga ndani ya ekzosi penye elbo, mara tu moshi unapotoka kwenye manifoldi. Moshi hupoa papo hapo, ukaweza kupita kwenye hosi ya mpira hadi silensa, na kutoka nyuma ya boti pamoja na maji. Boti ikawa tulivu, abiria wakaweza kukaa karibu na mashine na kuzungumza bila kupiga kelele.

Ami hakuifurahia. Moshi sasa ulitoka umechanganyika na maji na mvuke, usawa wa bahari, na rangi yake ikawa ngumu kusoma. Ilitubidi tujifunze kusoma maji. Yanatoka kwa mipigo mizito au yanachururika tu? Ukikinga mkono ni ya vuguvugu au yanaunguza? Yakipungua, impela imemeguka au mwani umeziba tundu la kuvutia. Na kipande cha mpira kilichomeguka lazima kitafutwe mpaka kionekane, kwani kimekwenda kukaa kwenye kipoza maji.

Lakini palipobadilika zaidi ni pale penye elbo. Hapo ndipo moshi wa moto, masizi na maji ya chumvi hukutana kwa mara ya kwanza. Masizi hunata, chumvi hukauka juu yake, na tundu huziba kidogo kidogo bila mwenye boti kushtuka. Chuma nacho huliwa kwa ndani. Salfa iliyomo kwenye dizeli huungua, ikakutana na maji, ikawa asidi. Tangu Januari 2015 nchi za Afrika Mashariki ziliposhusha kiwango cha salfa kwenye dizeli hadi sehemu 50 kwa milioni, asidi hiyo imepungua. Chumvi iko vilevile.

Mvuvi mmoja alituletea Perkins yake akisema, "Fundi, mashine imechoka." Boti ilikuwa imepoteza mwendo, na ubao wa nyuma ulikuwa mweusi kwa masizi. Alikwisha kulipa gereji nyingine kupima nozeli na pampu, na akaambiwa mashine inataka kufunguliwa yote. Ami akauliza elbo iliondolewa lini mara ya mwisho. Haikuwahi kuondolewa. Tulipoilegeza na kuishika kwenye mwanga, tundu ambalo lingepitisha vidole vitatu halikupitisha kalamu. Mashine ilikuwa ikisukuma moshi usiokuwa na pa kwenda, moshi ule ukabaki ndani ya silinda na kuchukua nafasi ya hewa safi, na mafuta yakaungua nusu. Elbo mpya ilipofungwa, boti ilirudi kwenye mwendo wake siku ileile.

Kuanzia hapo tukawa tunapima. Ukitoboa tundu dogo kwenye ekzosi kabla ya mahali maji yanapoingia, ukafunga bomba la shaba kisha mpira unaoonyesha uliopindwa na kutiwa maji hadi katikati, utaona moshi ukiyasukuma maji upande mmoja mashine ikiwa kwenye mzigo kamili. Kwa mashine isiyo na tabo, tofauti ya pande mbili ikikaribia mita moja, ekzosi imeziba au bomba ni jembamba mno. Kipimo hicho hakigharimu chochote, nacho kimeokoa mashine nyingi zilizokuwa zimekwisha kuhukumiwa.

Ekzosi ya maji ina hatari nyingine ambayo ile kavu haikuwa nayo. Mashine ikigoma kuwaka, nahodha huendelea kupiga stata, na kila mzunguko pampu inavuta maji. Hakuna moshi wa kuyasukuma nje, kwa hiyo silensa hujaa, maji yakapanda hadi kwenye manifoldi na kushuka kwenye silinda ambayo valvu yake iko wazi. Maji hayabanwi. Pistoni ikipanda kwa nguvu, konrodi hupinda. Ndiyo maana ninawaambia manahodha wafunge valvu ya bahari mashine ikigoma, waifungue mara inapowaka. Na kama maji yamekwisha kuingia, watoe nozeli zote kabla ya kuizungusha, wayafukuze kwa kuizungusha kwa mkono, wabadilishe oili na kuiwasha siku hiyohiyo. Ikilala usiku mmoja na maji ya chumvi ndani, kutu itakuwa imeshika ukuta wa silinda.

Nikishauriwa kuhusu jahazi la mizigo, bado ninachagua ekzosi kavu: vitu vichache vya kuharibika, na hakuna njia ya bahari kuingia kwenye mashine. Kwa boti ya abiria ninakubali ya maji, ila mahali maji yanapomwagwa pawe juu ya usawa wa bahari kwa sentimita 15 au zaidi. Pakiwa chini ya hapo, pafungwe valvu ya kuvunja mvuto, la sivyo boti iliyolala nangani huweza kunywa maji polepole ikiwa imezimwa.

Vijana wengi sasa wanafunga Yamaha za nje, na siwalaumu, zinabebeka na vipuri viko kila duka. Kwa hizi za zamani zilizobaki, bloku na kranki si shida. Kinachoadimika ni manifoldi zenye njia ya maji ndani, maana zikitoboka hazichomelewi zikakaa. Kwa hiyo Perkins yoyote inayopelekwa kwa wanunuzi wa vyuma chakavu ninaifuata, ninafungua manifoldi yake kabla haijapimwa kilo, na kuisukuma maji ya shinikizo nione kama inavuja.