Upepo wa Kalokol

Kalokol tuliamshwa na upepo. Alfajiri ulivuka ziwa kutoka upande wa Mlima Kulal, ukaingia kwenye majani ya mikoma kwa kishindo cha mvua. Siku ya kwanza, mtoto wa Kitale mimi, nilitoka mbio kuanua nguo. Nje palikuwa na mchanga, nyota na harufu ya samaki wanaokaushwa.

Mwaka ulikuwa 1984, baba amehamishiwa huko kufundisha. Chai ya kwanza ilinishinda. Maji ya ziwa lile yana magadi, huacha ulimini utelezi kama wa sabuni. Jirani yetu, ajuza wa Kiturkana tuliyemwita Nyanya, alimfundisha mama kufukua mchanga wa laga, ule mto mkavu, hadi maji matamu yachuruzike. Walichota kwa kibuyu kidogo kilichokatwa, taratibu mno, yasije yakatibuka.

Jioni twende ufuoni. Tazama, maji yaliyokuwa ya kijivu asubuhi sasa ni kijani kibichi. Wavuvi wanarudi juu ya vyelezo vya magogo ya mkoma, wamelowa hadi kiunoni, na sangara mmoja anaburutwa ambaye ni mrefu kuniliko. Wanawake wanapasua ngege na kuwatandaza mchangani. Kila wainamapo, shanga shingoni zinagongana.

Ramani ya baba darasani ilisema Ziwa Rudolf, jina aliloliacha mpelelezi Count Teleki mwaka 1888 kwa heshima ya mwana wa mfalme wa Austria. Baba alilikata kwa wino akaandika Turkana, jina rasmi tangu 1975. Wanafunzi wakamwambia wao wana jina lao: Anam Ka'alakol, ziwa la samaki wengi. Kalokol yetu ilitoka humo. “Mto Omo huleta, jua hunywa,” baba alitueleza, maana ziwa lile halina mto wa kutokea.

Mwaka ule ule wa 1984, kaskazini yetu huko Nariokotome, mtafutaji wa visukuku Kamoya Kimeu aliokota kipande cha fuvu la mvulana wa rika langu hivi, aliyekufa yapata miaka milioni 1.5 iliyopita. Sisi tulikuwa tukiokota kokoto, tukizirusha majini.

Tulipohama, maji yalikuwa yamerudi nyuma sana kwenye Ghuba ya Ferguson, vyelezo vimelala mchangani. Nyanya alimpa mama kile kibuyu. Kitale kulikuwa na bomba uani, lakini mama aliendelea kuchotea kibuyu kile, taratibu vile vile.