Barua kutoka Melbourne: Mashabiki wa Kandanda ya Australia na Ubishi Wao



Mzungumzaji wa Kiswahili anayehamia Melbourne, awe ametoka Mombasa, Kigoma, Bujumbura au Bukavu, hutambua mapema kwamba miongoni mwa maswali ya kwanza anayoulizwa na majirani na wafanyakazi wenzake ni anashabikia timu gani, na kwamba timu inayoulizwa si ya soka. Swali hilo linahusu kandanda ya Australia, mchezo uliozaliwa katika jiji hilohilo, ambao kanuni zake za kwanza ziliandikwa mwaka 1859 na wanachama wa Klabu ya Melbourne, akiwemo Tom Wills, miaka minne kabla ya chama cha soka cha Waingereza kuandika kanuni zake. Ligi yake kuu ina klabu 18, na kumi kati ya hizo zina makao yake katika jimbo la Victoria pekee, ndiyo maana nyumba moja, ofisi moja au duka moja la Melbourne huweza kuwa na mashabiki wa timu nne zilizo mahasimu. Barua hii inaeleza mashabiki hao wanabishania nini na wanabishana vipi, kwa kuwa katika ubishi wao kuna elimu kubwa ya mpira na pia kuna funzo chungu.

Ubishi huo haueleweki bila kuujua mchezo wenyewe. Timu mbili, kila moja ikiwa na wachezaji 18, hukutana katika kiwanja kikubwa chenye umbo la yai, ambacho wakati wa kiangazi hutumika kwa kriketi, na kila ncha ya kiwanja husimikwa milingoti minne isiyo na mwamba wala wavu. Mpira, ambao nao una umbo la yai, ukipigwa kwa mguu na kupita kati ya milingoti miwili mirefu bila kuguswa, timu hupata goli lenye thamani ya pointi sita, na ukipita kati ya mlingoti mrefu na ule mfupi wa pembeni, hupata pointi moja tu. Mchezaji haruhusiwi kuurusha mpira, bali huupiga teke au huushika kwa mkono mmoja na kuupiga kwa ngumi ya mkono wa pili, na akikimbia nao hulazimika kuudundisha au kuugusisha chini kila baada ya mita 15. Anayeudaka mpira uliopigwa teke, hata kama umepigwa na mpinzani, mradi umesafiri mita 15 bila kuguswa na mtu, hupewa nafasi ya kupiga bila kubughudhiwa, na mdako wa mchezaji anayeruka mpaka akapanda mabega ya mpinzani wake ndio unaowainua watu vitini kuliko jambo lolote lingine.

Hesabu hii ya pointi huzaa mabishano ambayo shabiki wa soka hajawahi kuyaonja. Katika fainali ya mwaka 2023, iliyochezwa mbele ya watu zaidi ya 100,000 katika uwanja wa kriketi wa Melbourne, Brisbane Lions walifunga magoli 13 na Collingwood wakafunga 12, lakini Collingwood ndio waliotwaa kombe kwa pointi 90 dhidi ya 86, kwa sababu walikuwa wamekusanya pointi 18 za pembeni ilhali wapinzani wao walikuwa na nane. Shabiki wa Brisbane husema timu yake ilikuwa na shabaha bora, na shabiki wa Collingwood hujibu kwamba timu iliyofika langoni mara 30 dhidi ya mara 21 ndiyo iliyoumiliki mchezo. Hoja zote mbili zina uzito, na hakuna kati yao anayetarajia kumshawishi mwenzake.

Jambo linalowapa mashabiki kazi kubwa zaidi ni kwamba mchezo huu hauna sheria ya kuotea, hivyo kocha anaweza kuwapanga watu wake karibu popote apendapo. Wazee waliozoea mpira wa karne iliyopita hushikilia kwamba utamu ulikuwa katika mshambuliaji mrefu aliyekabiliana na beki mmoja mbele ya lango, na ushahidi wao ni Tony Lockett, aliyezichezea St Kilda na Sydney na kufikisha magoli 1,360, rekodi ambayo hakuna aliyeivunja. Huongeza kwamba tangu Lance Franklin wa Hawthorn afunge magoli 113 mwaka 2008, hakuna mshambuliaji mwingine aliyefikisha 100 katika msimu mmoja, na kwao hiyo ni dalili kwamba makocha wamelifunga lango.

Vijana huwajibu kwamba lango halikufungwa, bali kiwanja chote kimegeuzwa kuwa eneo la ulinzi. Timu ya Collingwood iliyotwaa ubingwa mwaka 2010 chini ya kocha Mick Malthouse ilisifika kwa mbinu ya kuisogeza safu nzima mbele pindi mpira ulipopotea karibu na lango la wapinzani, hata wapinzani wakawa kama samaki waliozungukwa na juya, kila upande wanaogeukia wanakuta kamba. Beki aliyebanwa hivyo hubutua mpira mbali kwa pupa, nao hudakwa na mtu anayeusubiri, kisha mashambulizi huanza upya. Klabu nyingine ziliiga, na kilichofuata ni msongamano, kwa kuwa karibu wachezaji wote 36 huweza kujikuta katika nusu moja ya kiwanja. Ligi ilijaribu kuirekebisha hali hiyo kwa kanuni. Tangu mwaka 2019 kila timu inapaswa kuwa na wachezaji sita katika kila theluthi ya kiwanja mpira unapoanzishwa katikati, na mwaka 2021 mchezaji anayesimama mbele ya mpigaji alikatazwa kusogea upande wowote, ilhali idadi ya kubadilisha wachezaji ilipunguzwa hadi mara 75 kwa mechi ili uchovu uufungue mchezo. Hapa mashabiki hugawanyika tena, wengine wakiona kanuni hizo zimerudisha mbio na magoli, na wengine wakidai kwamba dawa ya mbinu ni mbinu nyingine na si kanuni mpya kila mwaka.

Madai hayo ya pili yana msingi katika historia ya karibuni, kwa sababu mitindo miwili inayopingana imewahi kutawala. Hawthorn ya kocha Alastair Clarkson ilishinda ubingwa mara tatu mfululizo, mwaka 2013, 2014 na 2015, kwa kupiga pasi za teke zenye uhakika, kuumiliki mpira na kusubiri mwenzao apate nafasi. Richmond ya Damien Hardwick, ambayo haikuwa imeonja ubingwa tangu mwaka 1980, ilishinda mwaka 2017, 2019 na 2020 kwa kufanya kinyume chake, yaani kuusukuma mpira mbele kwa njia yoyote, hata kwa kuuparaza, na kuwaachia washambuliaji wafupi wenye kasi wawabughudhi mabeki mpaka wakosee. Shabiki wa Hawthorn huuita mtindo wa Richmond vurugu, na shabiki wa Richmond hujibu kwamba vurugu iliyopangwa ni ufundi. Kisha Brisbane ya kocha Chris Fagan, ambaye hakuwahi kucheza hata mechi moja ya ligi hiyo kuu, ikashinda fainali za mwaka 2024 na 2025, ya kwanza dhidi ya Sydney kwa tofauti ya pointi 60 na ya pili dhidi ya Geelong kwa pointi 47, huku ikitegemea sana teke na mdako, na hoja ya watetezi wa umiliki ikapata nguvu upya.

Katika mabishano kuhusu wachezaji, anayestahili kutazamwa kwa makini ni beki wa kudaka, yaani beki anayemwacha mtu wake kwa muda ili auwahi mpira uliokusudiwa mwingine. Dakika za mwisho za fainali ya mwaka 2018 zinaonyesha thamani yake. Collingwood walikuwa mbele walipoupiga mpira kuelekea lango la West Coast, Jeremy McGovern akaudaka na kuupeleka kwa Nathan Vardy, Vardy akamtafuta Liam Ryan, Ryan akaruka na kuudaka kisha akampigia Dom Sheed, naye Sheed, akiwa pembeni kabisa karibu na mstari wa mpaka, akafunga goli lililoipa timu yake ushindi wa pointi 79 dhidi ya 74. Mashabiki wa Collingwood mpaka leo wanashikilia kwamba beki wao Brayden Maynard alizuiwa isivyo halali asiufikie mpira wa Sheed, na wale wa West Coast wanashikilia kwamba mchezo wa namna hiyo hauamuliwi kwa filimbi.

Beki wa aina hiyo anayewagusa Waafrika Mashariki kwa karibu ni Aliir Aliir, mwana wa wazazi wa Sudan Kusini aliyezaliwa katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma nchini Kenya na kuhamia Australia akiwa mtoto. Alianza ligi kuu na Sydney mwaka 2016, akahamia Port Adelaide, na katika msimu wake wa kwanza huko, mwaka 2021, aliteuliwa katika kikosi bora cha ligi nzima. Wanaomkosoa beki wa namna yake husema kwamba anacheza kamari kila anapomwacha mpinzani, na wanaomtetea husema kwamba anayesoma mpira mapema hachezi kamari. Kabla yake alitangulia Majak Daw, mzaliwa wa Khartoum, ambaye mwaka 2013 alikuwa mzaliwa wa kwanza wa Sudan kucheza ligi kuu, na leo vijana wenye asili ya Sudan Kusini ni sehemu ya kawaida ya vikosi vya klabu kadhaa.

Ubishi mwingine unahusu haki. Medali ya Brownlow, inayotolewa kwa mchezaji bora na safi wa msimu kwa kura za waamuzi, hulalamikiwa kwamba huwatazama viungo tu na kuwasahau mabeki, na malalamiko hayo yaliongezeka Patrick Cripps wa Carlton alipoipata mwaka 2024 kwa kura 45, idadi ambayo haikuwahi kufikiwa. Klabu hugawana vijana kwa zamu, iliyomaliza mkiani ikichagua ya kwanza, na mishahara ina ukomo, lakini kanuni ya baba na mwana huiruhusu klabu kumchukua kijana ambaye baba yake aliichezea mechi 100 au zaidi. Kwa njia hiyo Nick Daicos alijiunga na Collingwood alikowika baba yake Peter, na Will Ashcroft akajiunga na Brisbane ya baba yake Marcus, kisha akawa mchezaji bora wa fainali mbili mfululizo. Wapo wanaoiona kanuni hiyo kuwa upendeleo, na wapo wanaoiona kuwa uzi unaounganisha vizazi, hasa kwa mashabiki ambao nao waliirithi timu kwa wazazi wao.

Kinachomshangaza mgeni ni kwamba watu wenye misimamo mikali hivyo huketi pamoja. Mashabiki wa timu mbili huchanganyika katika viti vilevile, mwenye skafu nyeusi na nyeupe ya Collingwood akiwa bega kwa bega na mwenye nyekundu na nyeusi ya Essendon, ilhali katika mechi za Simba na Yanga jijini Dar es Salaam kila upande hukaa upande wake. Mchezaji anapokamatwa na mpira mikononi, jukwaa zima humpazia mwamuzi sauti, nusu wakidai adhabu na nusu wakipinga, kisha pai ya nyama hupitishwa juu ya mapaja ya mahasimu hadi kwa mwenyewe. Mgeni anayekaa hapo na kuuliza swali huelezwa na pande zote mbili kwa pamoja, na kwa sababu hiyo jukwaa la mpira ni mojawapo ya njia fupi za mhamiaji kujulikana na wenyeji.

Hata hivyo, si haki kulisifu jukwaa hilo bila kutaja doa lake. Mwaka 1993, katika kiwanja cha Victoria Park, Nicky Winmar wa St Kilda, mmoja wa wenyeji asilia wa Australia, alitukanwa kwa rangi yake na mashabiki wa Collingwood, naye baada ya ushindi akainua jezi na kuinyooshea kidole ngozi yake kwa fahari. Zaidi ya miaka 20 baadaye Adam Goodes wa Sydney, mwenyeji asilia aliyekuwa ametwaa Brownlow mara mbili na kutunukiwa heshima ya Mwaustralia wa Mwaka 2014, alizomewa mechi baada ya mechi katika msimu wa 2015 kwa kuwa alithubutu kuukemea ubaguzi waziwazi. Waliozomea walidai kwamba walichukizwa na uchezaji wake tu, lakini kelele hizo zilimfuata uwanja hadi uwanja mpaka akastaafu mwisho wa msimu huo akiwa ameichezea Sydney mechi 372. Ligi na klabu zake zote 18 zilimwomba radhi mwaka 2019, wakati yeye alikuwa ameshaondoka uwanjani.

Mambo haya mawili, viti vinavyochanganya mahasimu na midomo iliyomfukuza Goodes, yametoka kwa mashabiki walewale, na ndiyo sababu yanastahili kusomwa pamoja. Shabiki ana haki ya kuikosoa mbinu ya kocha, mguu wa mshambuliaji, filimbi ya mwamuzi na kanuni ya ligi, na haki hiyo ndiyo inayoufanya mchezo kuwa mali ya umma. Hana haki ya kuikosoa asili ya mtu. Mashabiki wa nyumbani, wawe wa Simba au Yanga, wa Gor Mahia au AFC Leopards, wanaombwa wabishane kwa hoja na takwimu kama Melbourne inavyobishana, wajaribu kuketi pamoja na watani wao, na siku mchezaji atakapozomewa kwa sababu ya kabila, rangi au nchi yake, walio karibu na mzomeaji wamkemee hapohapo bila kusubiri ligi iombe radhi miaka minne baadaye.