Macho Mekundu ya Bi Harusi

Leo nawasimulia kosa langu mwenyewe, huenda likamfaa mtu.

Nilipoolewa nikatoka Unguja kwenda Geita, nyumba tuliyopanga ilikuwa na bwawa la kuogelea uani, ukuta mrefu pande zote. Nani kati yetu asiyetamani kuogelea kwa stara, bila jicho la mwanamume? Nikamwomba mume wangu amwachishe kijana aliyekuwa akilisafisha, kazi nitaifanya mimi. "Utaiweza?" Nikamjibu, "Mimi nimezaliwa pwani." Kana kwamba bahari na bwawa ni kitu kimoja!

Wiki ya harusi ya wifi yangu, wageni walikuja kutoka Shinyanga na Kahama. Bi harusi akasingwa, akapakwa liwa na mafuta, kisha wote wakajitosa majini. Kesho yake bwawa likanuka klorini. Nikasema dawa imezidi, nikaacha kutia. Harufu ikazidi. Siku ya tatu bi harusi akaamka macho mekundu kama pilipili, na nikaha ni kesho kutwa. Mama mkwe hakunigombeza. Alinitazama tu, nikatamani ardhi inimeze.

Tukamrudia yule kijana. Alipima maji, nikamsikiliza nikiwa nyuma ya pazia. "Mama, klorini haikuzidi. Imekwisha."

Ile harufu kali si ya klorini safi. Ni ya klorini iliyokwisha kushikana na jasho, mkojo na uchafu wa miili, na hiyo ndiyo inayochoma macho. Mafuta na singo yetu pia yaliila dawa, na jua la Geita likaimaliza iliyobaki. Jioni ile akatia dawa nyingi kwa mpigo, akakataza mtu kuingia mpaka kipimo kishuke.

Haya ndiyo niliyojifunza:

Klorini huru iwe miligramu 1 hadi 3 kwa lita, na pH iwe 7.2 hadi 7.8. pH ikipanda sana, klorini ipo lakini nguvu haina. Vijiti vya kupimia vipo, usikisie kwa pua.

Jua ukubwa wa bwawa lako. Letu ni mita 6 kwa 4, kina mita 1.25, yaani lita 30,000. Kwa dawa ya unga yenye klorini asilimia 65, kupandisha miligramu 1 kwa lita kunataka gramu 46 hivi. Tia jioni, jua likishazama.

Tia dawa kwenye ndoo ya maji, usimimine maji juu ya dawa. Na usiichanganye kamwe na asidi wala dawa ya kusafishia choo. Moshi wake unaua.

Kila mtu akoge kwa sabuni kabla ya kuingia, bi harusi zaidi ya wote.

Tena kwetu huku kwenye dhahabu: klorini huua vijidudu, haiondoi zebaki. Maji ya kisima kilicho karibu na mialo ya kuchenjulia dhahabu hayawi salama kwa kutiwa dawa.

Nilikuwa nikijipa moyo kwamba maji haya yamepita kulatein, basi hayana neno. Kweli, maji mengi hayanajisiki ila yakibadilika rangi, ladha au harufu kwa najisi. Lakini hukumu ya tohara ni jambo moja na afya ni jingine. Maji yanaweza kuwa tahiri na bado yakakuumiza, na mwili nao ni amana.

Alhamdulillah, siku ya nikaha macho yalikuwa meupe, wanja ukakaa. Yule kijana nilimwomba radhi, akarudi kazini. Huja Ijumaa asubuhi, sisi tukiwa ndani. Jioni napima mwenyewe.

Dada unayeingia nyumba mpya, usione haya kusema "sijui". Mimi nilioona haya, nusura nimharibie mwenzangu siku yake.